Komando na Watoto wa Ukutani

Nimeshasema sitaki, na bado wamerudi. Walimu wazima, wenye miwani na kalamu zao, wanakuja kumsumbua mwanamke aliyeacha shule akiwa bado anachora herufi kwa kidole kwenye vumbi, eti awaandikie maisha ya mwanawe. Mwanawe anastaafu, wanataka maneno ya kusoma siku ya kumuaga, na tena wametaja kabisa kwamba yawe matamu. Kama mlitaka sukari mngekwenda dukani. Mimi nitaandika nilivyosikia kwa vinywa viwili, cha mwanangu na cha mjukuu wangu, na pale vinywa vilipopishana nimefuata cha mjukuu, kwa sababu mama yake ni mtu wa kujipendelea. Hiyo kaipata kwangu. Atakayeona mstari umepinda aunyooshe mwenyewe.

Basi. Shuleni hakuna aliyemwita mwanangu kwa jina lake. Alikuwa Komando, na jina hilo alipewa na wanafunzi wa zamani sana, ambao leo wenyewe wana vitambi. Alikuwa mwalimu wa michezo wa sekondari: mrefu, mkavu, miguu kama ya korongo, suruali ya michezo yenye mstari mweupe ubavuni imepigwa pasi mpaka inakata. Usichanani alikuwa mkimbiaji. Alikimbia akashinda, akashinda tena, kisha goti likamsaliti, na tangu hapo akawa anakimbia kwa miguu ya watoto wa watu. Shingoni kulikuwa na filimbi ya chuma. Akiivua nyumbani aliiweka kando ya mto wa kulalia, mpaka marehemu mumewe akawa analalamika kwamba alidhani kaoa mke, kumbe kaoa kituo cha polisi.

Filimbi ile ilikuwa na lugha yake. Mlio mfupi, kimbia. Miwili, geuka. Mlio mrefu, hapo kila kitu kinasimama: wanafunzi wanaacha walichoshika, wanajipanga kwa kimo, wafupi mbele, warefu nyuma, mikono ubavuni, kimya. Na wale wengine wanakwenda ukutani.

Ukuta wenyewe ni wa stoo ya mipira, upande unaopigwa na jua. Wa ukutani walikuwa mnene, mwenye pumu, mwenye mguu uliopinda, anayeogopa mpira, anayekimbia kama bata. Komando aliwajua siku ya kwanza tu, kwa kuwatazama wanavyotembea. "Wewe, ukutani. Na wewe. Na wewe unayejificha, nimekuona." Kazi yao ilikuwa kupakata masweta na kulinda viatu vya wenzao mpaka kipindi kiishe. Hakuwachukia, msije mkadhani. Aliamini anawasitiri wasichekwe. Wepesi aliwafundisha mpaka wakailetea shule vikombe, na vikombe vikajaa kabati la ofisi ya mkuu wa shule hadi mlango wake ukakataa kufungika. Mtaala wa zamani haukumdai zaidi ya hapo. Alama zilitoka kwenye saa ya mkononi: aliyewahi alipata, aliyechelewa alikosa, wa ukutani hakuulizwa kitu.

Sasa, Komando alikuwa na mtoto mmoja, wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja, ndiyo maana tukamwita Kitinda. Mtoto kachukua mwili wa kwetu: mapaja ya kujaza kiti, mkono mzito, mashavu ya kuminywa na kila mpita njia. Mwili huo ni wangu na simwombi mtu radhi. Alipoingia kidato cha kwanza katika shule ya mama yake, kipindi cha kwanza kabisa cha michezo watoto wote walimtazama Komando, waone atafanyaje. Akamwangalia mwanawe juu mpaka chini.

"Ukutani," akasema.

Jioni ile alinisimulia kwa fahari. "Nimemfanyia kama nilivyowafanyia wenzake, Mama. Hakuna atakayesimama aseme napendelea." Kitinda alikuwa pale pale anasuuza vikombe. Alivisuuza, akavifuta, akavipanga, akaenda zake chumbani.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mtoto akafika kidato cha tatu, na hapo ndipo serikali ilipobadilisha mtaala wa michezo, na pamoja na mtaala akaja msichana.

Msichana alikuwa mwalimu mpya, mfupi, sauti ya kukwaruza kama mtu aliyeamka sasa hivi, viatu vyake vya raba vimechakaa vidoleni. Alifundishwa mtaala mpya chuoni, ndiyo sababu ya kuletwa. Mkuu wa shule, mwanamume anayependa amani kuliko mshahara, akaita kikao.

"Michezo sasa ni somo kama masomo mengine," akasema. "Inahesabiwa. Na kila mwanafunzi lazima ashiriki. Nasema kila mmoja. Mwanafunzi hapimwi tena kwa kumshinda mwenzake. Anapimwa kwa maendeleo yake mwenyewe."

"Anapimwa na nani?" Komando akauliza. "Na yeye mwenyewe?"

"Anapimwa na jana yake, Mwalimu," msichana akajibu. "Jana aliruka kidogo akachoka, leo karuka zaidi. Huyo kaenda mbele."

"Kwa hiyo kobe akitambaa leo kuliko jana, tunampa kikombe?"

Walimu wakacheka. Msichana naye akacheka, tena kwa moyo mmoja, akasema, "Tunampa, Mwalimu. Na maji tunamchotea, maana atakuwa amechoka sana."

Wakacheka zaidi, mwalimu wa hesabu akajipiga paja. Komando akawatazama. Kicheko cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha msichana, na kilikuwa kikubwa zaidi. Roho ikamchoma, na tangu siku hiyo haikupoa.

Mkuu akamaliza kwa kusema kwamba somo litakuwa na kiongozi wake, atakayegawa vipindi na madarasa, na kwamba wakaguzi watakuja kutazama kipindi kimoja kabla ya kiongozi kuteuliwa. Kwa wakati ule, akampa msichana kidato cha tatu, ajaribu.

Watoto hawakukawia kumpa jina. Wakamwita Kamba, kwa sababu aliingia uwanjani na kamba kuukuu za kuanikia nguo, akazikata, akafunga mafundo mwishoni ziwe na mshiko. Hakuwa na filimbi. Alipiga makofi. Siku ya kwanza wa ukutani wakaenda ukutani wenyewe kama kawaida, wakakaa, na yeye akaenda akakaa nao, matako chini. "Tunangoja nini hapa?" akauliza. Wakasema wanangoja masweta. "Mimi sina sweta," akasema. "Njooni mnishikie kamba."

Ndani ya muda mfupi ukuta ukabaki na mijusi. Mwenye pumu alitembea huku akifundishwa kupumua. Mwenye mguu uliopinda akawa mzungusha kamba, na hakuna aliyemfikia kwa mkono. Komando aliyaona yote kupitia dirisha la chumba cha walimu, kikombe cha chai kinapoa mkononi. Alianza kuona mengine pia. Kwamba mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akimwachia kiti cha karibu na dirisha, sasa anamwachia Kamba. Kwamba wasichana wanasuka nywele kama Kamba. Kwamba mpishi wa shule, mwanamke asiyetabasamia hata malipo yake, anamwongezea Kamba kipande cha mkate.

"Anajipendekeza," akaniambia.

"Kwa nani?"

"Kwa kila mtu! Hata paka wa shule anamfuata."

"Paka naye ulimpeleka ukutani?" nikamuuliza. Akanuna siku nzima.

Lakini hayo ya kiti na mkate yalikuwa vumbi tu. Siku moja goti lilimsumbua akaacha mazoezi ya jioni akarudi mapema, akakuta nyuma ya nyumba kunapigwa kishindo, kishindo, kishindo, na katikati ya vishindo mtu anacheka peke yake. Akachungulia. Kitinda alikuwa anaruka kamba. Jasho limemlowesha, kitambaa cha kichwa kimeangukia begani, mashavu yanacheza, na anacheka. Komando akanambia hajawahi kuusikia mlio ule kwa mwanawe tangu alipokuwa wa kubebwa.

Mtoto akamwona. Kamba ikafa mikononi.

"Endelea basi," Komando akasema.

"Nimechoka, Mama."

"Nani kakufundisha?"

"Mwalimu."

"Mwalimu! Na mimi ni nani, muuza nyanya?"

Kitinda akaizungusha kamba mkononi taratibu, akaifunga. "Wewe ni Mama," akasema, akapita akaingia ndani.

Komando akaja kwangu moja kwa moja, ninachambua mchele. Akakaa, akainuka, akakaa.

"Yule msichana ananiibia mtoto."

"Kamuweka wapi? Si yupo hapo chumbani?"

"Mama, usinitanie. Mtoto anacheka naye. Na mimi hacheki."

"Una wivu."

"Wivu wa nini, na katoto kale kafupi?"

"Wa huko huko kwenye ufupi wake," nikamwambia. "Toa kivuli chako, sioni mawe."

Ikafika siku ya wakaguzi. Komando alikuwa amenyoosha suruali yake mara mbili, kwa sababu alijua kipindi kitafundishwa na mkubwa, na mkubwa ni yeye. Mkuu akamwita pembeni, akasugua viganja kama mtu anayenawa, akamwambia kipindi atafundisha Kamba, kwa kuwa ndiye aliyesomea huu mtaala, "na wewe dada yangu utatusaidia kusimamia viti vya wageni."

Viti! Akavisimamia. Akavipanga kivulini, akavifuta, akawakalisha wakaguzi: mkubwa wao, bwana mwenye tumbo la heshima, na mwanamke mmoja mnyamavu aliyevaa viatu vya kutembelea kweli. Kisha akaenda kusimama kwenye kona ya stoo ya mipira, mikono kifuani.

Kamba alianza kwa makofi. Watoto wakatembea, wakajinyoosha, wakashikana wawili wawili. Kisha ikatolewa kamba ndefu, yule wa mguu uliopinda akashika upande mmoja. "Nani anaingia?" Kamba akauliza, na Kitinda akaingia.

Akaruka. Mjukuu wangu mzito, mbele ya wageni, akaruka, ardhi inaitikia. Wenzake wanapiga makofi. Komando alitaka afurahi, na alianza kufurahi kweli, mpaka alipoona macho ya mtoto yanakwenda wapi. Kila akitua alimtazama Kamba. Kama mtoto anayejifunza kutembea anavyomtazama mama yake, aone kama anaonekana. Akitua, anamtazama. Akitua, anamtazama. Kona ya stoo haikutazamwa hata mara moja.

Hakukumbuka kuinyanyua filimbi. Anasema alishangaa tu chuma kimo mdomoni.

Akapuliza mlio mrefu.

Kamba ikaanguka ikamzunguka Kitinda miguuni. Darasa zima likaacha lilichoshika, likakimbia, likajipanga, wafupi mbele, warefu nyuma, kimya. Na wa ukutani wakageuka, mwenye pumu, mwenye mguu uliopinda, anayeogopa mpira, wakaenda wakakaa chini juani. Kitinda akaikanyaga kamba, akaivuka, akaenda akakaa nao. Akapanua mapaja, akatandaza sketi, akainua mikono kupokea masweta. Na siku hiyo kulikuwa na joto, hakuna aliyevaa sweta. Mikono ikabaki juu, imeshika hewa.

Mkaguzi mkubwa akasimama, akapiga makofi. "Hii ndiyo nidhamu! Nani huyo mwenye filimbi? Mlio mmoja tu, jeshi zima!"

Yule mwanamke akanyoosha kidole ukutani. "Na wale ni wagonjwa?"

"Hapana," mkuu wa shule akasema. Akatafuta neno. "Hao ni... hao ni watunza masweta."

Kamba aliinama akaikunja ile kamba ndefu, polepole, mkono hadi kiwiko, mkono hadi kiwiko, kama mtu aliyeanua nguo na mvua ikakataa kunyesha.

Mwenye tumbo ndiye aliyekuwa na sauti, kwa hiyo Komando akateuliwa kiongozi wa somo. Alichokitaka akakipata. Na la kwanza alilofanya, kabla hata kiti hakijapata joto, alichukua kidato cha tatu akakirudisha mikononi mwake, akampa Kamba watoto wa kidato cha kwanza. "Wachanga watamfaa," akasema katika chumba cha walimu. Hakuna aliyecheka.

Sasa mtaala mpya akawa anaufundisha yeye. Msimseme kwamba alikataa kazi. Kazi hakuwahi kuikataa. Aliutoa ukuta, hakuna tena wa kukaa pale. Aliagiza kamba mpya, zenye vishikio vya mbao. Akapuliza, "Kitinda, katikati!"

Mtoto akainuka, akaja katikati, akaruka. Alipoambiwa anza alianza, alipoambiwa acha aliacha. Aliruka kama mtu anayetwanga unga wa watu. Uso umefungwa. Komando akasema, "Vizuri sana, umeongeza kuliko jana," maneno yale yale ya Kamba, na mtoto akajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Siku zikapita. Ndiyo, Mwalimu. Nyumbani, ndiyo, Mama. Chakula ndiyo, hapana hakuna, kicheko hakuna.

Komando akavumilia mpaka akashindwa. Jioni moja akamfuata jikoni.

"Mbona kwangu unaruka kama mzigo?"

"Umesema niruke, nimeruka."

"Kwake ulikuwa unacheka."

"Kwake sijakaa ukutani."

"Nilikuweka pale wasikucheke, mwanangu! Hujui watu wewe."

Kitinda akaweka kisu chini. Kwa mtoto asiyependa maneno, siku hiyo alisema. "Siku ya wageni, Mama, sikutaka kwenda. Nilikuwa naruka. Ukapuliza, nikafika ukutani, nikakaa, ndipo nikajua kwamba nimekaa. Miguu ilikwenda yenyewe. Wewe uliifundisha."

Komando alitoka nje bila viatu. Alinikuta mlangoni kwangu na mimi nilikuwa nimesikia yote, maana jikoni pao na mlango wangu ni pua na mdomo. Sikumpoza. Akilia mtu wangu mimi simpozi, namwacha mpaka achoke.

"Nikimpa yule darasa," akasema, "mtoto ndiyo amekwenda."

"Na usipompa?"

Akaangalia vidole vyake vya miguu.

Kesho yake alimkuta Kamba peke yake chumba cha walimu, amekaa kwenye kile kiti cha dirishani. Alisimama mbele yake, mrefu kama nguzo.

"Chukua kidato cha tatu."

Kamba akadhani anataniwa. "Chote, Mwalimu?"

"Kwani nakupa nusu? Chote. Na kamba zenye vishikio chukua. Zile zako zinachubua watoto mikono."

"Asante sana, Mama."

"Usiniite Mama!" Walimu wawili mlangoni wakasita kuingia. "Wa kuniita Mama yupo, na ndiye ninayekupa. Kwa hiyo umuangalie. Akichoka usimlazimishe, kifua chake ni chepesi kuchoka ingawa mwili mzito. Na akiruka vizuri mwambie. Anapenda kuambiwa." Akageuka, akafika mlangoni, akarudi. "Na hicho kiti ni changu."

Kamba akahama kiti.

Mnataka niseme wivu uliisha? Haukuisha. Mliomba maneno matamu, mimi sinayo. Baada ya wiki kadhaa mtoto alirudi kutoka shuleni akavua viatu, akakaa mezani kula, na kabla hajameza tonge akaanza. Mwalimu kasema tutafundishwa kuruka tukipishana. Mwalimu kasema mimi nitamfundisha yule anayeogopa mpira. Mwalimu kajikwaa akaanguka, Mama, tumecheka! Mwalimu hivi, Mwalimu vile, mdomo haufungi, mikono inaruka, na mimi namtazama mwanangu. Kila likitajwa jina la yule msichana alikuwa anatafuna taratibu, mshipa wa shingo umesimama, macho kwenye sahani. Lakini hakumkatiza hata neno moja.

"Mama, husemi kitu?" Kitinda akamuuliza.

"Nasikiliza," akasema Komando. "Endelea. Akaanguka akaangukia wapi?"

Mtoto akaendelea mpaka chakula kikapoa.

Haya, huyo ndiye mnayemuaga. Wivu wake anao bado, hata leo mkimtaja Kamba mbele yake atawaambia yule hajui kunyoosha suruali. Mkono wangu umevimba kwa kuandika, na sikuandika bure. Wewe unayesoma, kama una mtoto sekondari, leo akirudi usimuulize hesabu wala Kiingereza. Muulize kipindi cha michezo alikuwa wapi, na umwache amalize kujibu. Ukishasikia, uje unieleze mimi, na uje kwa miguu yako mwenyewe, usinitumie salamu na mtu. Nyumba yangu mnaijua, mmeniudhi hapo mlangoni vya kutosha.